Kifuniko cha Soda Juu ya Sanduku la Besi

Wacuka na Odhiambo, nawaandikia kwa sababu nyinyi ndio mnabaki na karakana. Ijumaa mlininunulia keki, mkanikalisha kwenye kiti, mkaniambia niseme neno la kuaga. Nikasema asanteni, nikamaliza. Mnanijua. Maneno yangu huja nikiwa nimeshika kitu mkononi, na siku hiyo nilikuwa nimeshika keki. Leo nimeshika kalamu.

Sitawaeleza nani alipanda cheo, maana kwetu hakuna aliyewahi kupanda kitu isipokuwa ngazi. Nataka kuwaambia nilivyoanza, aliyenifundisha, na habari ya sanduku moja ambalo mwezi uliopita mlikaribia kuliharibu kwa kulitengeneza vizuri.

Shule niliacha darasa la tatu. Mwalimu Rahabu alikuwa ameniambia nina mkono mzuri wa kushona, na katika yote aliyosema hilo ndilo nililoshika. Kwa hiyo nilipokuja Thika, nilipata kazi Makongeni, kwa fundi wa sofa aliyeitwa Gitonga. Nilishona vitambaa vya viti, mito na mapazia. Wambui wangu alikuwa bado mgongoni.

Siku moja akaja mtu mrefu na mkokoteni, juu yake sanduku kubwa la mbao lenye tundu la mviringo mbele. Alikuwa Zakayo Barasa, mtu wa Bungoma, anakaa Kiandutu, anapiga gitaa la besi katika kanisa la huko. Masanduku ya spika alikuwa anatengeneza mwenyewe. Hili alitaka livikwe reksini nyeusi, ile ya viti vya baa, ili lionekane limetoka ng'ambo.

Nikalivika. Akaunganisha waya, akatoa gitaa ndani ya gunia, akapiga uzi ule mnene. Mito yote ya Gitonga ikaruka. Lakini mimi nilikuwa naangalia kona ya nyuma, mahali reksini ilikuwa bado haijabanwa. Ilikuwa inavimba na kunywea.

"Fundi," nikamwambia, "sanduku lako linapumua."

"Sanduku halipumui, mama. Hiyo ni mbao."

"Basi weka shavu hapa."

Mwanaume mzima akapiga magoti, akaweka shavu kwenye kona. Nikamgusia uzi. Akainua uso, akauliza, "Hii umejulia wapi?"

"Kwa mlango wangu. Baridi ya Julai ikiingia, shavu ndilo linaniambia inapita wapi."

Wiki iliyofuata alirudi kwa Gitonga na kusema, "Nataka huyu mama." Gitonga, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, akasema, "Huyu si stuli. Muulize mwenyewe." Akaniuliza. Nikakubali kabla hajamaliza.

Siku yangu ya kwanza niliharibu plaiwudi nzima. Barasa alinipa vipimo vya mbao nne, yeye akakata mbili za mbele na nyuma. Mimi nilipima kwa utepe wangu wa kushonea, yeye kwa tepu yake ya chuma. Tulipozileta pamoja, zangu zilizidi kwa unene wa kidole. Tukabishana mpaka chai ikapoa. Mwishoni alilaza utepe wangu kando ya tepu yake juu ya meza, tukaona wenyewe. Kitambaa kilikuwa kimevutika miaka yote ile, inchi zangu zilikuwa ndefu kuliko za watu wengine.

"Utepe wako umezeeka, Mama Wambui."

"Kumbe ndiyo sababu mapazia yote ya Gitonga yanafagia sakafu," nikasema. Alicheka mpaka akashika meza. Ule utepe bado ninao, nafungia kitabu cha nyimbo.

Yale aliyonifundisha ndiyo niliyowafundisha nyinyi, kwa hiyo nitayapitia haraka. Mviringo wa spika unachorwa kwa msumari, uzi na penseli, na msumari haung'oki mpaka umerudi ulipoanzia. Gundi kwanza, skrubu baadaye, kwa sababu skrubu inashika leo na gundi inashika milele. Unga wa msumeno usiutupe, ukichanganya na gundi unaziba kila ufa. Ndani unapanga vipande vya sponji ya godoro ili sauti isigongane na ukuta wake. Bomba la plastiki la kutolea hewa linakatwa refu kwanza, maana fupi halirefuki. Na mbavu. Barasa aliamini mbavu kama watu wengine wanavyoamini maombi. Mbao za kushikilia ndani, ubavu mpaka ubavu, mbele mpaka nyuma, ili sanduku lisicheze hata kidogo.

"Spika iongee," alikuwa anasema, "mbao inyamaze."

Kupima alipima hivi. Sanduku likiisha, alitoa mfukoni kifuniko cha soda, akakiweka juu kikiwa kimelala chali, akapiga uzi mnene kwa nguvu zake zote. Kifuniko kikitulia, sanduku linaenda kwa mwenyewe. Kikicheza, alisema neno moja tu: "Vunja." Na ulivunja. Kwa patasi, ukirudi nyuma kona kwa kona, ukilia kama unataka. Nililia mara mbili. Mara ya tatu nilianza kuweka mbavu bila kuambiwa.

Tulihamia Ruiru, hapo mlipo sasa kando ya reli, kwa sababu makanisa yalikuwa yanaota Ruiru kama uyoga na kila moja lilitaka besi. Kanisa moja la Kahawa Wendani lilitaka sanduku livikwe kitambaa cha maua kifanane na mimbari. Tulilivika. Barasa alilipima akiwa amegeuza uso.

Hapo Ruiru ndipo nilipofanya kosa ambalo hamjawahi kusikia, kwa sababu sikutaka mlisikie. Barasa alikuwa ameenda kula. Nilikuwa nimemaliza sanduku langu la kwanza peke yangu toka mbao mpaka reksini, na hamu ikanishinda. Nikaweka kifuniko juu, nikapiga uzi. Kikatetemeka, kikatembea mpaka ukingoni, kikaanguka. Sikungoja mtu. Nikachukua patasi. Barasa aliporudi alikuta mbao sita sakafuni na mimi katikati.

"Nani amekuambia uvunje?"

"Kifuniko kilicheza."

Akaangalia saa ukutani, akaangalia nje. "Ulipima saa ngapi?"

"Sasa hivi tu. Hata treni ilikuwa ikipita, nikapiga kwa nguvu zaidi ili nisikie."

Alikaa chini. Sikujua kama anacheka au anaumwa. "Mama Wambui," akasema alipopata pumzi, "umehukumu sanduku kwa makosa ya treni."

Ndiyo maana, Odhiambo, kila siku nakukataza kupima kabla treni haijapita. Ulifikiri ni mambo ya uzee.

Miaka ikaenda. Barasa akaacha kazi ya karakana, akabaki na gitaa lake la Jumapili huko Kiandutu, nami nikaendelea. Mkaja nyinyi. Wacuka ulikuja ukijua waya kuliko mimi, Odhiambo ulikuja ukijua kula. Nilikuwa namtembelea Barasa mara moja moja, na kila nikienda naona nazungumza kwa sauti kubwa zaidi. Masikio yake yalikuwa yanazimika. Mtu aliyesimama mbele ya spika tangu ujana, nini kingebaki? Alipewa kile kifaa cha kuvaa sikioni. Kilimletea milango, vijiko na kuku wa jirani. Besi hakikumletea.

Siku aliyokuja karakana mnaikumbuka, lakini mlikuwa mnapakia mzigo, hamkuona yote. Aliingia na gitaa ndani ya gunia lilelile, au mtoto wa lile gunia. Nikamsalimu, akatikisa kichwa, akaonyesha sikio. Basi nikachukua kipande cha plaiwudi na penseli ya useremala, nikaandika, HABARI MZEE. Mimi wa darasa la tatu. Ilinichukua muda, na R niliiangalizia kwenye maandishi ya kopo la skrubu.

Alisoma, akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Nimekuja kukuachia gitaa."

Nikaandika, KWA NINI.

Akanieleza. Wiki mbili kwaya ilikuwa imemuacha nyuma. Mama Debora, kiongozi wa kwaya, alimjia baada ya ibada, akamshika mkono na kumwandikia kwenye simu: Baba, tulikuwa tumefika ubeti wa tatu, wewe ulikuwa bado wa pili. Hakumfukuza. Alimwambia ajaribu Jumapili tatu zijazo, na akipotea tena, wampe mwingine nafasi, yeye apumzike. "Neno lenyewe ni hilo, apumzike," Barasa akasema. "Nitapumzika nikifanya nini, Mama Wambui? Nikae nyumbani nisikilize nini?"

Nilimwonyesha pa kukaa. Viti vyote vilikuwa na mizigo, akakaa juu ya sanduku lililokuwa sakafuni. Lilikuwa la Odhiambo, limeunganishwa siku hiyo, mbao nyembamba na hata ubavu mmoja ndani hakuna, linangoja nilikute nimpigie kelele. Barasa akakaa, gitaa magotini, anaangalia ukuta.

Halafu akainua uso, akasema, "Treni imechelewa leo."

Mimi nilikuwa sijaisikia. Nikatega sikio, na kweli, mbali, ikaja, ikakua, ikapita. Mtu asiyesikia ameisikia treni kabla yangu. Nikamwangalia, nikaangalia alichokalia. Ngai, Mungu wangu! Lile sanduku baya la Odhiambo lilikuwa linamwambia.

Nikachukua kipande kingine cha plaiwudi. USIACHE GITAA, nikaandika. KUJA JUMATATU.

Sasa mnajua kwa nini wiki zile nilikuwa mkali. Nilikuwa najenga sanduku la kukaliwa, na kila nilichofundishwa kilikuwa kinanikataza. Mkono ulikuwa unaenda kuchukua mbavu wenyewe, naurudisha. Sponji niliiweka mbali kabisa, nisijaribiwe. La kwanza nililifunika juu kwa plaiwudi nyembamba sana, ili litetemeke vizuri. Barasa alikaa, nikaona mbao inapinda, na kabla sijaandika chochote akazama mpaka kiunoni, magoti juu, amekumbatia gitaa lisiguswe.

"Hili linatetemeka," akasema akiwa mle ndani. "Tatizo ni kwamba linameza."

Odhiambo ulimvuta mkono wa kulia na mimi wa kushoto.

La pili nilitumia plaiwudi ya nusu inchi juu, imeshikwa kingoni tu, katikati iko huru. Chini nikaweka miguu minne ya mpira wa tairi, kwa sababu saruji ilikuwa inakula mtetemo wote. Nikajaribu mwenyewe. Nikaziba masikio kwa sponji, nikakaa, nikafumba macho, Wacuka ukapiga. Nawaambia ukweli, katika miaka yote ile sikuwa nimewahi kujua besi ni nini. Ilinipanda mgongoni kama mtu anayebembeleza mtoto. Niliendelea kukaa hata ulipokuwa umemaliza.

Tulilipeleka Kiandutu Jumamosi ya mazoezi, kesho yake ndiyo Jumapili ya mwisho aliyopewa. Barasa akakaa, akapiga, uso ukafunguka. Mimi nilikuwa tayari kujisifu. Kwaya ikaanza, na kwenye kiitikio cha pili nikasikia anaachwa. Anapiga vizuri kabisa, kila noti safi, lakini yuko mahali pake na watu wako mahali pao. Mama Debora akainamisha kichwa juu ya kitabu chake, akijifanya anasoma. Barasa aliona midomo ya kwaya imefumba na yeye bado anapiga. Akaondoa mkono kwenye nyuzi.

"Basi," akasema. "Tumejaribu."

Ni wewe, Wacuka, uliyenivuta kanga, ukaniita nyanya kwa Kikuyu kama kawaida yenu. "Shosho, anajisikia mwenyewe tu. Hiyo box inamletea gitaa yake. Ngoma haimfikii."

Nataka hili libaki limeandikwa mahali. Mimi nilikuwa na miaka yote ya kazi, na sikuliona. Nilikuwa nimemjengea mtu chumba cha kuongea peke yake. Wewe ulitoa kipaza sauti cha mimbari, ukakisogeza kando ya ngoma kubwa, ukakivutia waya mpaka kwenye amplifaya iliyokuwa inalipa sanduku nguvu. Mpiga ngoma, Simiyu, akapiga mara nne.

Barasa akashtuka kama mtu aliyeguswa bega. Akageuka kuangalia nyuma yake. Akamwangalia Simiyu. "Ni wewe?" akauliza. Simiyu akapiga tena mara nne. "Ni wewe," akasema. Akachukua gitaa.

Jumapili nilikaa safu ya tatu na gauni langu la bluu. Mabati ya kanisa yalikuwa yameanza kupata joto. Barasa alikuja na tai, akakaa juu ya sanduku, akalipapasa kama mtu anavyompapasa ng'ombe kabla ya kukamua. Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa kifuniko cha soda. Nilikuwa sijakiona miaka mingi. Akakiweka juu ya sanduku, kando ya paja lake, kimelala chali.

Wakaanza. Ubeti wa kwanza, kifuniko kikatetemeka. Kiitikio, kikazunguka. Wakaingia ubeti wa pili, na Mama Debora, bila kuacha kuimba, akageuza shingo kuangalia kama mzee yuko. Alikuwepo. Wa tatu, alikuwepo. Kwenye ule mwisho ambao kwaya inanyamaza ghafla wote pamoja, nilishika kiti cha mbele yangu kwa mikono miwili, na wakanyamaza wote, na besi ikanyamaza nao. Kitu pekee kilichosikika ni kifuniko cha soda, kilichokuwa kimefika ukingoni, kikaanguka kwenye saruji.

Barasa hakukisikia. Alikiona. Akakiangalia pale chini, akainua macho akanitafuta katika watu wote wale mpaka akanipata. Midomo yake ikasema neno moja, bila sauti, nami nikalisoma: "Vunja."

Nilicheka nikilia, na mama aliyekaa karibu nami, Jerusha, akanipa leso akidhani nimeguswa na wimbo.

Bado anapiga, kama mnavyojua. Vipande vya plaiwudi nilivyomwandikia viko kwake, amevipanga ukutani. Mimi huandika kwenye daftari siku hizi, na kama mnashangaa mwanamke wa darasa la tatu ameandikaje barua ndefu hivi, ni kwa sababu nilikuwa na mtu wa kuongea naye ambaye asingenisikia kwa njia nyingine.

Sasa ombi langu. Mwezi uliopita watu wa kanisa walituletea sanduku hilo la kukaliwa, spika imechanika. Nilitoka kununua maziwa, nikarudi nikakuta Odhiambo, uliyeliona lile la kwanza tu, umelifungua, umekata mbavu nne safi kabisa, unapaka gundi. "Shosho, hii kitu iko na shida," ukaniambia. "Inatetemeka kama mtu ako na malaria. Hata mtu wa shule ya msingi hawezi tengeneza hivi." Nilizikamata zile mbavu mkononi mwako, nikakufukuza bila kukueleza. Samahani, mwanangu. Mbavu zenyewe zilikuwa nzuri. Kama si mimi kuzikuta, ungekuwa umefanya kazi niliyokufundisha, na mzee angekaa juu ya sanduku zuri, la kimya, asimpate Simiyu tena.

Sitakuwepo likirudi. Litarudi, maana lile linajitikisa mpaka skrubu zinalegea. Badilisheni spika, waya, miguu ya tairi, reksini. Msitie ubavu. Msitie hata sponji.

Barasa alinipa kifuniko chake, ati sasa hana kazi nacho. Nimewaachia kwenye droo ya juu, ndani ya kopo la skrubu ndogo. Mpime kila kitu nacho, treni ikishapita. Masanduku mengine yote, kikicheza, vunjeni. Hilo moja, kikiacha kucheza, ndipo mjue limeharibika.